Mama, Umekunywa Dawa?

Ukifika kliniki ya afya ya akili, kitu cha kwanza unachofanya ni kuangalia kama kuna mtu anayekufahamu. Usinibishie, wote tumefanya. Unasimama kwenye kona ya jengo, unachungulia lile benchi refu la ukutani, unapitisha macho uso kwa uso. Ukiona hakuna mtu wa kijijini kwenu wala wa kanisani kwenu, ndipo unakwenda kukaa, tena pembeni kabisa, umejifunika kanga mpaka puani utadhani unakwepa vumbi. Na akitokea mtu anayekujua unajidai umepotea: "Samahani, eti maabara ni wapi?"

Naandika haya kwa ajili yako uliyekaa pembeni pale leo, na kwa ajili ya yule aliyekusindikiza huku amenuna. Sitakueleza ugonjwa ulivyo kitaalamu, hayo daktari wako atakwambia. Mimi nitakusimulia ulivyonikuta, ulivyonipeleka puta, na nilivyotoka.

Jina langu Enelesi. Nimezaliwa Mbozi, kwenye familia ya Wanyiha wakulima wa kahawa na mahindi. Baba alinipa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nipate akili hajawahi kuniita Enelesi. Ananiita "Mama." Mama, lete maji ya kunawa. Mama, matokeo yametoka? Lishike hilo, maana kuna kipindi aliacha kuniita hivyo, na kuachwa huko kuliniuma kuliko sindano zote nilizochomwa.

Leo mimi ni muuguzi. Somo la misingi ya uuguzi wa afya ya akili nimelisoma mara mbili: katikati niliugua.

Ilianza msimu wa kuchuma kahawa, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeingia somo hilo. Mwalimu wetu, Madam Judith, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika getini, alituambia siku ya kwanza kabisa: "Huku hamna kipimo cha damu cha kuwaokoa. Kipimo ni macho yenu na masikio yenu. Mtazame mtu. Analala? Anakula? Anaongeaje? Amevaaje? Na umsikilize mpaka amalize kabla hujamjibu." Niliandika yote, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, maelezo kwa wino wa bluu. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri ajabu. Nilikuwa na siku kadhaa sijapata usingizi wa maana, na wala sikuuhitaji.

Yaani mtu anafundishwa dalili, anaziandika kwa rangi mbili, na haoni kuwa zinamhusu! Nilidhani nimezidi kuwa na akili tu. Nilifua mashuka ya bweni zima. Niliwafundisha wenzangu masomo ambayo sisi wenyewe tulikuwa hatujafundishwa. Wakaanza kuniita Profesa, nami nikaitika.

Wikiendi nilikwenda Tunduma kwa dada yangu Rehema, anayekaa Chapwa, kumsaidia dukani kwake karibu na mpaka. Anauza vitenge na vyombo. Aisee, nilikuwa nauza! Akitokea mama wa Kizambia mlangoni, namsalimu, "Muli shani, mayo!" nimeshamshika mkono, nimeshamvalisha kitenge. Huyu namwendea kwa Kibemba cha kuokoteza, yule kwa Kinamwanga, dereva wa lori kwa Kiingereza, na wote wanatoka na mzigo. Sikai, sili, sichoki. Dada alifurahi mpaka akampigia mama simu: "Huyu mtoto chuo kinampotezea muda, huyu ni mfanyabiashara!"

Huo ndio ubaya wa kuugua ugonjwa wangu Tunduma. Mji ule kila mtu anaongea kwa sauti, kila mtu ana haraka, malori yananguruma kutwa. Kwingine wangeniona mgonjwa. Pale waliniona nina kipaji.

Jumatatu yake, katikati ya kipindi, nilisimama nikamwambia Madam Judith akae, nifundishe mimi, kwa sababu Mungu amenipa kitabu kipya cha uuguzi na hicho chake kimepitwa na wakati. Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama vile vile alivyotufundisha kutazama, na mimi nikaona macho yale yananitisha, nikatoka mbio. Pale getini nikaanza kuwagawia wapita njia nguo zangu: sweta, viatu, sare, na baridi ile ya Mbozi ya mwezi wa saba unaijua mwenyewe. Wenzangu walinishika ili wanifunike, na mmoja wao nikamng'ata mkono. Anaitwa Upendo. Mpaka leo akinitania husema kovu lile ni cheti chake cha kwanza cha uuguzi.

Mama alikuja na kanga mbili na chupa ya uji. Baba alikuja mikono mitupu. Tukapelekwa hospitali, tukakaa kwenye benchi lile nililokwambia, ila mimi sikuwa na habari ya kujificha, nilikuwa nawahubiria wote. Mama alinikumbatia kwa nguvu ili ninyamaze. Akapita mtu wa usharika wetu, akasimama, akatutazama, akaendelea na safari bila kutusalimia. Baba naye akaondoka benchini. Alikwenda kusimama kule kwenye bomba, kama mtu aliyekuja kuchota maji, na hata ndoo hana.

Wakanichoma sindano. Baada ya hapo nakumbuka vipande vipande tu: dari, harufu ya dawa ya kusafishia, mguu wa kitanda chenye kutu.

Nilipozinduka vizuri, ulimi ulikuwa mzito, mate yananitoka mdomoni kama mtoto anayeota meno, na mikono inatetemeka. Kando ya kitanda alikuwa amekaa muuguzi. Alikaa, hakusimama. Akasema polepole: "Mimi naitwa Sista Monika. Leo ni Alhamisi. Hapa ni wodini, hospitali. Mama yako amekwenda kuoga, anarudi sasa hivi. Nataka nikushike mkono nipime presha. Niendelee?"

Niendelee? Tangu pale getini watu walikuwa wamenishika, wamenivuta, wamenivisha, wamenichoma, na walifanya vyema, la sivyo sijui ningekuwa wapi. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nilianza kulia. Sista Monika hakuniambia ninyamaze. Alisubiri nimalize, ndipo nikampa mkono.

Asubuhi yake ililetwa chai. Ile mikono yangu ikainua kikombe, chai ikamwagika kwenye shuka, kwenye kanga, hadi kifuani. Mama akataka kuninywesha. Mtu mzima na kitambulisho cha taifa ninacho, ninyweshwe! Nikagoma. Nikagoma na mchana, nikagoma na jioni, na wodini ikaanza kusemwa kuwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani anakataa chakula. Kesho yake Sista Monika alikuja na chupa mwenyewe, akanimiminia nusu kikombe. Nikanywa, haikumwagika hata tone. Akaongeza nusu nyingine. Sijui alijifunzia wapi, lakini mpaka leo sijaonja chai tamu kama ile.

Mwili wangu sasa, mama yangu wee. Dawa ilinipa njaa ya mchimba mtaro. Nilinenepa mpaka mashavu yakabana macho. Hedhi ilikatika miezi. Mdomo mkavu, hatua nzito, nikitembea mikono haipungi. Nilijitazama kwenye kioo cha simu ya mama nikauliza, "Huyu nani?" Kama wewe uko hapo sasa hivi, sikiliza: mwambie daktari, kila kitu, hata kile cha aibu. Mimi nilisema, wakabadilisha dawa, mwili ukaanza kurudi taratibu. Haukurudi wote. Suruali zangu za zamani amezirithi Upendo.

Lakini vita yenyewe haikuwa mwilini. Ilikuwa kwenye ukoo.

Mashangazi walisema nimerogwa na mwenzangu wa chuoni. Baba mkubwa alitaka nipelekwe kwa mganga fulani huko bondeni Momba. Mchungaji alikuja akaniwekea mikono akaomba, kisha akamgeukia mama akamwambia, "Na dawa asiache," Mungu ambariki. Baba yeye hakusema uchawi wala mapepo. Alikuwa na lake, na alilishikilia kwelikweli.

"Ni kile kitabu," alimwambia mama kwenye korido, na mimi nasikia. "Mtoto mzima kabisa, wamempa kitabu cha vichaa, anakisoma usiku na mchana, kimemwingia. Hayo masomo hayarudii."

"Baba Rehema, walimu wao si wamesoma kitabu hicho hicho? Mbona wazima?"

"Hao wamezoea. Huyu hakuzoea. Huyu anarudi nyumbani, atachuma kahawa."

Huyu. Ndipo lilipoanza. Sikuwa Mama tena. Huyu amekula? Huyu analala saa ngapi? Nikiwa nimekaa mbele yake, namwona na ananiona, anamuuliza mama habari zangu kama za ng'ombe aliyenunuliwa mnadani.

Nilitolewa wodini, tukarudi kijijini. Mvua za kwanza zilinyesha, kahawa ikachanua shamba zima jeupe, nami nilikuwa napanda basi kwenda kliniki ya pili, halafu ya tatu, nimejifunika kanga puani. Tukapanda mahindi. Nilikuwa napona, ila ukishaugua ugonjwa huu, jamani, huruhusiwi tena kuwa mtu wa kawaida. Nikicheka kwa sauti, "Umekunywa dawa?" Nikinyamaza, "Umekunywa dawa?" Nikikataa kuongezewa ugali, umekunywa dawa? Nikiimba pambio kanisani kwa nguvu, mama ananifinya kiunoni. Siku moja mbuzi alikata kamba akaingia kwenye mboga za jirani. Baba akatoka mbio nje, akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi, akauliza: "Huyu amekunywa dawa?" Nikamjibu: mbuzi sijui, ila mimi nimekunywa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka.

Vitabu vyangu alivitia kwenye gunia, akavifungia stoo ya kahawa. Mama alikuwa anaingia stoo na beseni la mahindi, anatoka na beseni la mahindi, na chini ya mahindi kuna kitabu. Akavihamisha hivyo mpaka vikaisha. Nilikuwa nasoma jikoni wakati maharage yanachemka. Nilipofika kwenye zile kurasa za wino mwekundu na bluu nilikaa nazo muda mrefu. Analala? Anakula? Anaongeaje? Nilijikuta nasema peke yangu, "Kumbe mimi huyu." Na pale jikoni, macho yakiniwasha kwa moshi, nikajua ninachotaka. Nataka kurudi chuoni, nilimalize somo lile lile lililosemwa limenitia wazimu. Nataka niwe yule anayekaa kando ya kitanda na kuuliza, niendelee?

Daktari aliandika kuwa niko sawa kurudi masomoni. Mkuu wa chuo akasema niende nionane na walimu, waone kama nimetulia, na mzazi wangu awepo akubali. Bila mzazi kukubali, hawarudishi mtu. Baba akasema haendi. Mama akamwambia, "Kama ni hapana, nenda kaiseme mbele ya walimu. Usiniambie mimi hapa jikoni." Basi baba akakubali kwenda, kwa ajili ya kukataa.

Mimi nilitangulia Tunduma, nikalala Chapwa kwa dada, maana sare zangu zilibaki kwake. Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Nilitegesha simu iniamshe. Nikaamka, nikaoga, nikanywa dawa, nikapiga pasi, nikapanda gari kurudi upande wa Mbozi. Dada alikuwa ameshakwenda dukani, hatukuonana. Njiani nilitazama simu nikajisifu: Enelesi, utafika kabla yao, wakukute umekaa, umetulia, umependeza.

Nilipofungua mlango wa ofisi, walikuwa wote wamekaa. Mkuu wa chuo, Madam Judith, na baba na koti lake la kanisani, kofia magotini. Hakuna aliyetabasamu. Nikapiga goti, nikawaamkia.

"Marahaba," mkuu akasema. "Enelesi, tulikubaliana saa ngapi?"

"Saa tatu, mkuu."

"Na sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa tatu kasorobo."

Mkuu akamtazama Madam Judith. Baba akatazama chini, akasema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua: "Nilisema mimi. Huyu bado."

Nikainua macho ukutani. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasorobo. Nikatazama simu. Nikatazama ukuta. Na hapo, ndugu yangu, nilipatwa na woga ambao sijawahi kupatwa nao, hata wakati wa kuugua kwenyewe, maana wakati wa kuugua nilijiona mzima. Moyo ukaniambia: imerudi. Saa nzima imepotea na hujui ilikwenda wapi. Ulikuwa wapi? Ulifanya nini? Umegawa nini?

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikaweka nyayo zote mbili sakafuni nikazihisi. Nikaanza kimoyomoyo kama Sista Monika: Wewe ni Enelesi. Hapa ni ofisini kwa mkuu. Huyu ni Madam Judith. Yule ni baba yako. Dawa umekunywa, kwa maji, ukatafuna na ndizi. Pasi umepiga, umeichomoa. Gari umepanda, nauli umelipa. Kila kitu kipo. Hakuna kilichopotea. Basi kama akili ipo, tatizo liko wapi?

Nikaishika simu tena, safari hii nikaitazama vizuri. Ni ile simu ndogo ya batani. Juu kabisa ya kioo palikuwa na ujumbe wa mtandao wa Zambia, wa tangu usiku, haujafunguliwa: karibu Zambia.

Kicheko kilinipanda kooni nikakibana, maana mtu kama mimi kicheko nacho kina muda wake. Nikaiweka simu mezani mbele ya mkuu.

"Mkuu, naomba radhi kwa kuchelewa. Jana nililala Chapwa. Simu yangu imekamata mnara wa Nakonde, ikachukua saa ya Zambia, na wenzetu kule wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu hii saa yake ikishabadilika hairudi mpaka uizime. Nimekaa kijijini mwaka mzima, nilisahau kabisa mambo ya mpakani."

Mkuu aliichukua ile simu, akaitazama juu, akaitazama chini. Hakuwa mwenyeji wa kwetu, nikaona bado ana shaka. Akasema, "Sawa, lakini kwa hali yako, Enelesi, jambo dogo kama hili..."

"Mkuu." Alikuwa baba. Amesimama, kofia mkononi. "Mkuu, niseme. Huyu binti yangu mkubwa, Rehema, ndoa yake ilifungwa Tunduma. Mimi nililala kule. Asubuhi nikaangalia simu, nikaona bado mapema, nikanywa chai, nikanyoa ndevu vizuri. Nafika kanisani, ndoa imeshafungwa! Mimi, baba wa bibi harusi! Nikamkuta mdogo wangu amemkabidhi binti na amekalia kiti changu. Simu yangu ilikuwa na saa ya Nakonde."

Madam Judith alijiziba mdomo kwa mkono.

"Nilisemwa," baba akaendelea. "Mke wangu alininunia mwezi mzima. Lakini hakuna mtu aliyesema nipelekwe wodini. Walisema tu, mzee kachelewa." Akanigeukia. "Sasa mama yangu akichelewa kwa kosa lile lile, kwa nini sisi tuseme ni ugonjwa? Mimi ndiye niliyesema. Nimesema vibaya. Mama, nisamehe."

Mama! Mbele ya walimu! Nililia pale pale, bila kujali nani atasema ni dalili. Madam Judith naye alitoa leso.

Mkuu wa chuo alikohoa. "Mzee, wewe niliambiwa umekuja kukataa."

"Nilikuja kukataa," baba akasema, akakaa, akavaa kofia, akakumbuka yuko ofisini, akaivua. "Nimeghairi."

Nikarudi darasani msimu wa kahawa mwingine, pamoja na wanafunzi wadogo kwangu, kiti cha mbele. Kliniki niliendelea, dawa niliendelea. Siku ya kwanza Madam Judith aliingia akasema yale yale, huku hamna kipimo cha damu cha kuwaokoa. Nikayaandika kwa wino mmoja tu wa bluu, mwandiko mbaya wa mikono yenye kutetemeka kidogo, na usiku nikalala fofofo. Mwandiko mbaya ule nauheshimu mpaka leo.

Mafunzo ya vitendo nilipangiwa wodi ile ile. Nilisita mlangoni. Sista Monika aliniona, akanitazama sare kuanzia kola hadi viatu, akasema, "Umechelewa, mgonjwa wangu. Kuna kazi." Halafu akanikumbatia, tukasimama hivyo kidogo.

Kitanda cha dirishani alikuwa amelala mama mmoja wa kutoka Kamsamba, mke wa mfugaji, na baridi yetu inamtesa kwa kuwa amezoea joto la bondeni. Kanga yake imejaa madoa ya uji. Nikaambiwa hataki kula siku ya pili sasa. Nilivuta kiti nikakaa. "Mimi naitwa Enelesi, ni mwanafunzi wa uuguzi. Leo ni Jumatano. Hapa ni wodini. Naomba nikuletee chai?" Mikono yake aliificha chini ya shuka, lakini shuka lilikuwa linacheza.

Nikaleta chai, nikammiminia nusu kikombe, nikamwekea mkononi, nikaondoa mkono wangu. Alikitazama muda. Akainua. Chai haikumwagika. Akanywa mpaka mwisho, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Wewe umejuaje?"

"Nimewahi kulala hapa hapa, mama. Kitanda hiki hiki."

"Wewe? Muongo!"

"Haki ya Mungu. Muulize Sista."

Akanipa kikombe. "Ongeza," akasema. "Na sukari umebana." Nikajua huyu atapona. Alipona. Siku anatoka aliniahidi mchele wa Kamsamba, na mchele ulifika kweli, kabla hata matokeo yangu hayajatoka. Nilifaulu. Somo la afya ya akili ndilo nililofaulu zaidi ya yote, na baba aliwatangazia watu wa kahawa kijiji kizima kuwa kile kitabu kimenyooshwa.

Sasa naomba nikurudishe benchini, maana ndiko nilikokuacha.

Juzi nilikuwa zamu kliniki, sare nyeupe, mafaili mkononi. Nikatoka nje kuita mgonjwa. Benchi limejaa, kila mtu na kanga yake puani, kila mtu anatazama ukuta. Katikati ya benchi, siyo pembeni, siyo kule bombani, katikati kabisa, alikuwa amekaa baba yangu na koti lake la kanisani. Amemleta mke wa jirani yetu ambaye tangu ajifungue amekuwa haongei na mtu. Baba ndiye aliyekwenda kwao akabishana na ukoo mzima mpaka wakamtoa. Yule dada alikuwa amejifunika gubigubi, huoni hata jicho.

Baba aliponiona alinyoosha kidole, akawaambia wa kulia na wa kushoto, "Yule nesi mnamwona? Ni mtoto wangu. Alilazwa humu humu." Watu wakainua vichwa. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini dakika moja tu. Kisha mzee akaita kwa sauti ya shambani, ile ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto:

"Mama! Umekunywa dawa?"

Mwenzangu wa dirisha la dawa akainama kwa kunionea aibu. Yule dada pembeni ya baba akashusha kanga taratibu, akanitazama usoni, anasubiri nitasema nini.

"Nimekunywa, baba!" nikajibu, kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya mto, ili na yule wa mwisho kabisa kwenye kona asikie. "Haya, anayefuata aje."